Shirika jipya likianza kuruka kisiwani, nunua tiketi ipi?

Kisiwani hakufikiki kwa basi wala treni. Anayekwenda Hawaii au Iceland kupumzika hutegemea ndege, na shirika lililotawala njia hiyo peke yake hupanga nauli likijua hivyo. Akija mshindani, mambo hubadilika haraka. Mwaka 1993 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliipa hali hii jina la shirika la Southwest, kwa sababu kila lilipoingia, nauli za wapinzani wake nazo zilishuka. Machi 2019 shirika hilohilo lilianza safari za California hadi Hawaii, likiwa na ofa ya dola 49 kwa tiketi ya kwenda tu.

Wengi hukimbilia ofa kama hiyo. Mimi siiweki juu.

Nafasi ya kwanza: tiketi ya shirika kongwe, kwenye njia ileile iliyoingiliwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mashirika hufuatilia bei za wenzao kutwa kucha, na la zamani halikubali kuachwa mbali kwenye njia linayoitegemea. Kwa hiyo unapata nauli iliyoshushwa na mgeni, lakini unapanda ndege ya mwenyeji mwenye safari kadhaa kwa siku. Safari ikifutwa asubuhi, huenda ukapata kiti mchana. Shirika jipya linaloruka mara tatu kwa wiki linaweza kukuacha hotelini hadi keshokutwa.

Usilinganishe bei ya kwanza unayoiona kwenye skrini. Tuseme tiketi ya kwenda tu mgeni anaiuza kwa dola 90 na mwenyeji kwa 120. Mgeni akikutoza 35 za begi la kupakia na 15 za kuchagua kiti, umefika 140. Kama tiketi ya mwenyeji ina begi na kiti ndani yake, yeye ndiye rahisi. Kwa familia ya watu wanne, kwenda na kurudi, tofauti hiyo ni dola 160. Ila soma masharti yake vizuri: nauli ya kupambana na mshindani mara nyingi ni ya daraja la chini kabisa, isiyoruhusu kubadilisha tarehe.

Ya pili: shirika jipya lililokwisha kumaliza msimu mmoja. Ratiba imetulia na wasafiri wameshaeleza waliyoyakuta. Kama unasafiri na begi la mkononi tu, hii inaweza hata kupanda hadi nafasi ya kwanza.

Ya tatu: kifurushi cha ndege na hoteli. Mara nyingi bei yake si nafuu zaidi, na hukufunga kwenye hoteli ambayo usingeichagua. Faida yake ni kinga. Thomas Cook, kampuni ya utalii ya Uingereza, ilipofilisika Septemba 2019, Serikali ya Uingereza iliwarudisha nyumbani watalii zaidi ya 140,000, na wenye vifurushi vilivyolindwa ambao hawakuwa wamesafiri wakarejeshewa fedha. Miezi sita kabla yake, WOW air ya Iceland ilisimama ghafla, na maelfu ya abiria waliokwama wakaachwa wajitafutie ndege nyingine.

Ya nne: ofa ya uzinduzi. Viti vya bei hiyo ni vichache na tarehe zake huwa za msimu usio na watu. Krismasi huvipati, maana ndege zitajaa hata bila punguzo. Ukiipata, lipa kwa kadi ya mkopo ili uwe na njia ya kudai fedha zako shirika likianguka.

Ya mwisho: tiketi mbili tofauti, moja hadi kisiwa kikubwa chenye ushindani, nyingine hadi kisiwa unachokitaka. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imepotea, na hakuna anayewajibika. Ukilazimika, lala usiku mmoja katikati.

Kuhusu muda wa kununua, msisubiri sana. Mwaka 2006 shirika la go! liliingia kati ya visiwa vya Hawaii na tiketi za dola 39. Machi 2008 Aloha Airlines, iliyokuwapo tangu 1946, ikaacha kubeba abiria. Washindani wakapungua na nauli zikapanda. Mwaka 2014 go! nayo ikaondoka. Mwaka 2024 Alaska Airlines ikainunua Hawaiian Airlines. Nauli za vita hudumu kadiri vita vinavyodumu.

Kwa hiyo tarehe ukizijua na bei ikikufaa, lipa. Kwa safari za Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, kanuni inalitaka likupe saa 24 za kughairi bila makato au likushikie bei kwa muda huo. Zitumie saa hizo kuulizia hoteli na ruhusa ya kazini.