TAHADHARI: Huyu "daktari" wa UTI za wanaume ni tapeli

Wakuu, nimekaa na aibu hii wiki 3. Nikizidi kunyamaza atammaliza mwingine. Kilichonilaza mwezi uliopita ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa za mtu anayejiita daktari kwenye simu.

Ndiyo, nilimwamini. Saa nane za usiku umesimama chooni, mkono mmoja ukutani, mkojo unatoka kwa matone kama umechanganywa na pilipili, na mtu anakujibu papo hapo, kwa upole: "Pole kaka, hiyo ndogo." Akauliza naamka mara ngapi, kiuno kinauma, mkojo una rangi gani. Maswali ya kidaktari kabisa! Nani angeshtuka? Na tusidanganyane, mwanaume kwenda kumweleza dada wa mapokezi kwamba huku chini kunawaka moto si jambo dogo. Nikatuma hela.

Dawa zikaja kwenye kimfuko cha nailoni kilichopigwa fundo. Kapsuli 12, nyekundu na njano, vumbi la dawa limeganda pembeni. "Asubuhi 2, jioni 2, siku 3 umepona." Siku ya pili nikapata nafuu, nikamrekodia ushuhuda wa sauti wa kumshukuru. Mjinga mimi! Nasikia mpaka leo anautangazia biashara.

Siku ya 9 homa, natetemeka meno yanagongana, mkojo umegoma kutoka. Hospitali wakaotesha mkojo maabara kuona kuna kijidudu gani: bakteria E. coli, tena sugu kwa antibiotiki ya amoksisilini. Mfamasia alipoziona kapsuli 2 nilizobakiza (nilijiona nimepona) akasema zinafanana na amoksisilini hiyo hiyo, ila bila pakiti hawezi kuapa. Maambukizi yalishaingia tezi dume. Daktari akaniambia mwanaume asiye na homa, tezi ikiwa salama, mara nyingi siku 7 za dawa sahihi zinatosha; mimi nimepewa wiki 4. Tena si kila antibiotiki inapenya kwenye tezi, nitrofurantoini kwa mfano haifiki vizuri. Na kuwashwa kule kungeweza kuwa kisonono au klamidia, magonjwa ya zinaa ambayo yana dawa zake nyingine. Ndiyo maana hupimwa kwanza.

Nilipompigia yule mshenzi alisema nilimezea maji baridi, anitumie "dozi kali". Kisha akaniblock. Mtu huyu afungwe, na aliyemuuzia hizo kapsuli afungwe naye, wanyweshwe wenyewe tuone!

Mtamjuaje? Haulizi kama una mzio wa dawa. Hataji jina la dawa, anasema "zile za UTI". Hakuna pakiti wala tarehe ya kuisha muda. Hataki usikie habari ya maabara, eti watakula hela yako bure. Namba anabadilisha, kwa hiyo kuiweka hapa haisaidii.

Ila ile sauti ya mwanaume anayecheka akisema "daktari umeniokoa ndoa yangu", mkitumiwa, ni mimi. Msiiamini.