Stereoskopu ya mbao: fuvu lilinijia mpaka puani

Stereoskopu ni kifaa cha kutazamia picha mbili za kitu kimoja, kila jicho na yake, mpaka zinaungana na kitu kinaonekana kina kina cha kweli. Nilichoagiza ni nakala ya kile cha mkononi alichobuni Oliver Wendell Holmes wa Boston mwaka 1861: mpini, lenzi mbili, kikinga mwanga cha machoni, na kishikio cha kadi unachokisogeza mbele na nyuma. Holmes hakukikatia hataza, ndiyo maana hadi leo kila fundi anakitengeneza apendavyo. Changu kimenitoka shilingi 140,000 mpaka mlangoni. Mbao ni safi, imepigwa msasa vizuri. Kishikio cha kadi ndicho kilikuja kimelegea. Nimekibana kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Muuzaji nimemwandikia mara mbili, kimya.

Kadi alizonitilia kwenye boksi ni za milima mitupu. Kitu kikiwa mbali, macho yote mawili yanakiona karibu sawasawa, kwa hiyo hakuna cha kukushtua. Mimi nilitaka vitu vya mezani. Nikapakua picha pacha (ya jicho la kushoto na ya kulia) ya mpigapicha T. R. Williams wa London, ya mwanzoni mwa miaka ya 1850, iliyomo kwenye mkusanyo wa Makumbusho ya J. Paul Getty: fuvu la mtu na saa ya mchanga. Nikaichapisha upana wa sentimita 18 hivi, nikaibandika kwenye kadibodi.

Mara ya kwanza niliharibu, ya kulia nikaiweka kushoto. Vya nyuma vikaja mbele, meza ikawa vurugu, kichwa kikaniuma. Nikabandua, nikageuza. Sasa unasogeza kadi polepole, unaona picha mbili zinagombana, mara zinashikana, pap! Kati ya fuvu na saa kuna nafasi ya kupitisha kidole. Nikafumba jicho moja: chapati. Nikafumbua: fuvu hilo hapo, na matundu ya macho yana shimo la kweli.

Zama hizo wapigapicha wengi walipata picha zote mbili kwa kamera moja. Wanapiga, wanaisogeza pembeni kidogo, wanapiga tena. Mtu angejitikisa. Fuvu halipepesi.

Kinachokosekana ni ule mng'ao. Picha yenyewe ilipigwa kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, na karatasi ya stesheneri haiwezi kuuleta. Wenzangu wa miwani, mtaivua tu. Kikinga mwanga kinaigonga.

Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ile tyubu ya baiskeli.