Hamira ya ng'ombe wa maziwa: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kama ng'ombe wako anakula matete yaliyokomaa yakawa miti, ananyweshwa mara moja kwa siku na hajalamba chumvi ya madini tangu mwaka uanze, usinunue kwanza hamira yoyote ya kumchanganyia kwenye chakula. Nunua hiyo chumvi, ongeza ndoo za maji, vuna matete yakiwa mabichi. Hamira humfaa ng'ombe anayelishwa vizuri, hasa yule anayepewa chakula kingi cha madukani ili atoe maziwa mengi.

Huyo ndiye anayepata shida ya asidi tumboni. Angalia kinyesi chake asubuhi: chepesi kama uji, kina mapovu, na punje za mahindi zimetoka nzima nzima. Ndani ya rumeni, lile tumbo kubwa, wamo bakteria wa kusaga majani ambao oksijeni huwadhuru, na kila tonge humezwa pamoja na oksijeni kidogo. Hamira hai huitumia oksijeni hiyo, na pia huwapa nguvu bakteria wanaomaliza asidi ya laktiki. Majani yanasagika zaidi, ng'ombe anakula zaidi.

Faida ya kutarajia ni kama nusu lita hadi lita moja kwa siku. Anayekuahidi lita tano anataka pesa zako tu. Piga hesabu papo hapo kaunta: ukiuza lita kwa shilingi 50 za Kenya, nusu lita ni shilingi 25, kwa hiyo dozi ya siku ikigharimu 20 umebakiwa na 5. Gawanya bei ya kopo kwa idadi ya dozi, usiangalie ukubwa wa kopo.

Chaguo langu la kwanza ni hamira hai iliyotengenezwa kwa wanyama wanaocheua. Jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae, lakini jina hilo peke yake halitoshi. Lebo iseme ni aina gani hasa, kwa namba: bidhaa iitwayo Levucell SC, kwa mfano, ni I-1077, na Yea-Sacc ni 1026. Kisha iseme chembe hai ni ngapi kwa gramu. Bidhaa nyingi nzuri zimepangwa kumpa ng'ombe chembe bilioni 10 hadi 50 kwa siku, ndiyo maana dozi ya moja ni gramu 1 na ya nyingine ni gramu 10. Lebo isiyo na idadi hiyo, irudishe rafuni.

Ubaya wake ni kwamba ni kiumbe hai, na hufa. Niliwahi kununua kopo lililokaa chini ya mabati yanayopigwa na jua mchana kutwa. Tarehe ilikuwa bado, lakini nilipoweka kijiko kimoja kwenye maji vuguvugu yenye sukari, robo saa ikapita, nusu saa ikapita, maji yametulia kimya. Iliyo hai hutoa povu na harufu ya unga wa mkate unaoumuka, ingawa iliyopakwa utando wa kuikinga na joto huchelewa kidogo. Tangu siku hiyo kila kopo jipya nalijaribu hivyo kabla ya kulipeleka zizini. Usiichanganye na maji ya moto, na kama unanunua chakula cha vidonge kinachodaiwa kuwa na hamira, uliza iliwekwaje, maana mvuke wa kutengenezea vidonge huua hamira isiyokingwa.

Anza wiki tatu kabla ya kuzaa, endelea angalau miezi mitatu baada yake. Hapo ndipo suala la uzazi linapoingia. Ng'ombe aliyezaa hutoa maziwa mengi kuliko anavyoweza kula, anakonda, na aliyekonda sana huchelewa kuingia joto, yaani kutaka dume. Hamira ikimsaidia kula, hakondi sana. Njia ni hiyo tu. Hakuna hamira ya kumshikisha mimba. Ile yenye seleniamu ni habari nyingine: husaidia kondo la nyuma kutoka pale ambapo udongo umepungukiwa na madini hayo, lakini seleniamu ikizidi ni sumu. Soma kwanza mfuko wa chumvi unayotumia, na muulize daktari wa mifugo.

La pili ni hamira iliyochachushwa ikakaushwa pamoja na chakula ilichokulia. Haitegemei chembe hai, kwa hiyo huvumilia joto na safari ndefu. Jaribio la povu halifai hapa. Kwa mfugaji aliye mbali, asiye na pahali pa baridi pa kuhifadhia, ningeiweka juu ya ile ya kwanza.

La tatu, maganda ya hamira, yaani kuta za nje za chembe zake, nawanunulia ndama pekee. Hayalishi rumeni sana, ila husaidia utumbo wa ndama dhidi ya baadhi ya vijidudu vya kuharisha. Ndama asiyeharisha huongeza uzito, lakini maziwa ya kwanza ya mama ndani ya saa chache za kuzaliwa yana kazi kubwa kuliko kopo lolote.

Walio karibu na viwanda vya bia, kama Ruaraka jijini Nairobi au Arusha, wana machicha, yaani mabaki ya nafaka ya kutengenezea bia, na hamira ya majimaji. Hicho ni chakula cha protini, kinunue kwa hesabu ya protini. Machicha mabichi ni maji karibu robo tatu au zaidi, na kwenye joto huanza kuota ukungu baada ya siku chache. Hamira ya majimaji ichemshwe kwanza, la sivyo itaendelea kuchacha tumboni na ng'ombe atavimba.

Ya mwisho ni hamira ya mkate ya vipakiti. Spishi ni ileile, ila ilichaguliwa kwa kuumua unga, na hakuna lebo inayokuambia ng'ombe apewe kiasi gani. Iache jikoni.