Jiko la presha la umeme, lita 6: miezi minane jikoni kwangu

Nilinunua jiko hili Kariakoo kwa Sh 180,000, la wati 1,000. Tunaishi Temeke, nyumba ya vyumba sita, na masika yakianza wote tunapikia koridoni, mlango umerudishwa mvua isiingie.

Mimi nilikuwa mtu wa mkaa. Nikiona ukishakolea hautoi moshi, basi najua hewa ni safi. Lakini kila nikibandika maharage, kufika saa ya pili kichwa kinagonga na mwanangu mdogo amelegea. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniuliza tunapikia wapi. Akanieleza kuwa mkaa ukiungua hutoa kaboni monoksaidi: haionekani, hainuki, na kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Chumba kikifungwa, watu hufa usingizini. Nilitetemeka, maana usiku wa mvua nilishawahi kuingiza chumbani jiko lenye makaa ya mwishomwisho, tukalala.

Sasa maharage niliyoloweka usiku yanaiva kwa dakika 40 hivi. Nilisoma mita ya umeme ya LUKU kabla na baada, haikufika nusu uniti. Makongoro saa moja na nusu, laini kabisa. Kichwa kile sijakisikia tena siku za maharage.

Kasoro zipo. Ugali hausongeki humu, sufuria linazunguka na mwiko unakwangua rangi ya ndani. Ugali na chapati napikia gesi, dirisha wazi, kwa sababu mwali wa gesi nao hutoa hewa inayokera mapafu. Mpira wa mfuniko unashika harufu ya samaki. Nimenunua wa pili, huo ni wa wali tu. Na usichomeke kwenye ekstensheni ya bei rahisi. Yangu iliyeyuka wiki ya kwanza, ikabidi fundi aje kufunga soketi nzuri ukutani.

Umeme ukikatika, usiguse mfuniko. Presha iliyobaki huendelea kuivisha, na hata hivyo ni hatari kufungua kabla pini ya mfuniko inayoonyesha presha haijashuka.

Kwa anayepikia ndani, ningemwambia anunue hili kabla ya televisheni. Majirani zangu wawili huleta maharage yao Jumamosi, tunapika kwa zamu na kuchangia uniti, na koridoni siku hiyo watoto wanacheza.