Kasha la Gemu Bovu, Kompyuta ya Sinema: Lipi la Kununua Dar

Ukitaka kutoa matumbo ya gemu la zamani na kutia humo kompyuta ya kutazamia sinema kwenye TV, usinunue gemu zima. PS2 (PlayStation 2) inayowaka mwachie mwenye banda la gemu aendelee kupatia riziki. Wewe nenda kwa mafundi wa Kariakoo uulizie mfu, ile iliyokwisha kunyofolewa vipuri. Unachotaka ni plastiki, na ukitajiwa bei ya mashine inayofanya kazi, ondoka. Nenda na futi pia, maana urembo wa kasha hausaidii kitu kama bodi haiingii. Mini-ITX, aina ya bodi ndogo ya kompyuta, ni milimita 170 kwa 170.

Nafasi ya kwanza naipa PS2 nene, ile iliyotoka mwaka 2000. Kuna makasha makubwa kuliko lake, ila hili ndilo lililojaa mtaani. Ukikosea kutoboa, kutafuta jingine si kazi. Upana ni milimita 301, kina 182, kimo 78. Toa mabati yote ya ndani, kisha tia bodi ya kompyuta ndogo ya mtumba, zile HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro zinazotoka maofisini. Ivue kava lake kwanza: Dell Micro nzima ni 182 kwa 178, haiingii hata uisukume vipi. Na pima sehemu ya chini, kwa sababu kasha hili ni jembamba chini kuliko juu. Nyuma, matoleo mengi yana chumba cha hadidiski ya inchi 3.5. Kompyuta hizi ndogo hazina umeme wa kuendesha diski kubwa hiyo, kwa hiyo weka ya inchi 2.5.

Tahadhari moja: pawasaplai ya PS2 iko ndani, na kapasita yake, kipuri kinachohifadhi umeme, inaweza kukurusha hata baada ya kuchomoa waya. Iache ikae, kisha uitoe kabisa. Adapta ya kompyuta ibaki nje ya kasha na joto lake.

Ya pili ni PS3 nene. Kwa milimita 325 kwa 98 kwa 274, Mini-ITX inakaa bila kubembelezwa, na feni inapata hewa. Sebule isiyo na AC, mwezi wa Januari, hii ningeitanguliza. Wafu wapo, kwani matoleo ya mwanzo yanajulikana kwa kufa na taa ya njano. Kinachoirudisha nyuma ni mgongo wake uliopinda na unaong'aa: vumbi linaonekana kutoka mlangoni, na juu yake huweki king'amuzi.

Ya tatu, Xbox ya Microsoft ya 2001, ndiyo yenye haki ya kihistoria. Kodi, programu ya kuchezea filamu ambayo huenda ndiyo utakayoitumia, ilianzia humo ikiitwa XBMC hadi ilipobadilishwa jina mwaka 2014. Nafasi ni tele. Tatizo ni kuipata tu.

PS2 nyembamba siichukui. Kimo cha milimita 28 kinatosha Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, na pumzi kidogo, basi. Faida ni kwamba Pi inaelewa rimoti ya TV kupitia waya wa HDMI, jambo ambalo kompyuta nyingi za kawaida haziwezi.

Ukichagua kompyuta ya mtumba, soma namba ya prosesa, usisikilize maneno ya muuzaji. i5-6500T na i5-7500T zinaweza kukaa kwenye makasha yanayofanana kabisa, lakini ya pili, kizazi cha saba, ndiyo inayofungua HEVC ya biti 10, namna ya kubana video, bila kuhangaika, na filamu nyingi za 4K ziko hivyo. Ya kwanza itakwamakwama huku feni ikilia. Mwambie aiwashe mbele yako na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Mashine za ofisini mara nyingine huja na nywila ambayo hakuna anayeijua.

Humo humo BIOS tafuta sehemu ya kuamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, uiweke iwake yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, hutahitaji kupapasa kitufe nyuma ya TV. Matundu ya hewa yazibe kwa wavu wa mbu wa dirishani, kwa ajili ya mende wanaopenda joto, na uusugue kwa brashi vumbi linapoanza kuufunga.