Biti ya kutobolea vigae: ipi ununue kwanza

Kabla hujashuka Nabugabo, mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi Kampala, kununua biti, tafuta kipande cha kigae alichobakiza fundi alipomaliza bafu. Kigeuze, udondoshe tone la maji mgongoni. Likinywewa, hiyo ni kauri ya kawaida, laini. Likisimama kama umande kwenye jani la magimbi, una porseleni. Hiyo hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na biti nyingi hufia hapo.

Namba moja, bila ubishi, ni biti ya almasi, ile yenye umbo la kibomba na chembe za almasi mdomoni. Inasaga, haikati. Anza ukiwa umeiinamisha mpaka ichore mwezi mchanga kwenye kigae, kisha inyooshe taratibu. Mwendo uwe wa polepole, na maji yasikatike. Uji mweupe ukitiririka ukutani, endelea. Ukiona vumbi kavu, zima, biti inaungua. Dukani kagua shina lake: la mviringo mtupu huteleza kwenye taya za drili, chagua lenye pembe.

Ya pili ni biti ya mkuki, yenye ncha bapa ya kabaidi, ile ngumu kuliko chuma cha kawaida. Kwa kauri ya kawaida inatosha kabisa, tena bei yake nafuu. Kwenye porseleni utasukuma mpaka mkono ufe ganzi, na ncha itakuwa imeshakuwa butu.

Ya tatu ni biti ya zege. Muuzaji aliniapia kwamba inatoboa kila kitu, nami nikaamini. Tena nikasahau kuzima swichi inayoifanya drili igonge kama nyundo! Kigae cha juu ya sinki kililia “ta!”, ufa ukakimbia hadi kona, nikahangaika wiki nzima kutafuta chenye rangi ile. Hata hivyo inunue, maana kigae kikishatoboka, yenyewe ndiyo inayomalizia tofali la nyuma.

Biti za kutobolea chuma usiulize hata bei.

Drili yenyewe azima kwa jirani, mradi mwendo wake unapungua. Ya betri ni bora, kwa kuwa maji na waya wa umeme havipatani. Mtoto mkubwa akamulie sponji juu ya tundu wakati unatoboa. Na usitoboe wima juu ya bomba la sinki: mara nyingi paipu yake ya maji inapita humo humo ukutani.