Malindi: usilale ufuoni tu, tafuta mwongozaji akuzungushe

Naona watu wanauliza kila msimu kama Malindi bado inafaa kwa likizo ama ishapitwa na Diani, basi na mimi niseme langu. Kama shida yako ni mchanga mweupe na maji ya samawati mwaka mzima, nenda Diani au hata Watamu hapo karibu, hilo nalisema wazi kabisa, manake mvua zikipiga bara mto Sabaki unashuka na udongo wote wa huko na bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa, na hakuna hoteli itakayokuambia hivyo ukipiga simu kuulizia chumba. Lakini Malindi ina historia ambayo Diani haina, na kuna vijana wa hapo mjini wanaotembeza wageni kwa miguu na kazi yao ni nzuri sana, hao ndio nataka kuwasifu leo.

Tulichukua mwongozaji pale upande wa makumbusho, ile nyumba ya zamani yenye nguzo mbele. Kijana mtulivu, anajua vitu. Nilimpima kwa swali moja tu: nani alimwonyesha Vasco da Gama njia ya kwenda India? Wengi watakuambia haraka haraka Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu, wanamaliza hapo. Huyu alisema hapana, hiyo hadithi ilikuja baadaye, Wareno wenyewe waliandika kwamba rubani alikuwa Mgujarati, na wanahistoria wa siku hizi hawamkubali Ibn Majid tena. Nikajua hapa pesa yangu haipotei.

Na alivyoieleza ile ziara ya 1498 mimi sikuwahi kuisikia hivyo shuleni. Shuleni tunaambiwa Vasco da Gama alifika Malindi akakaribishwa vizuri, basi. Kwa nini akaribishwe Malindi na Mombasa wamkatae? Kwa sababu Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama wa biashara wa muda mrefu, na sultani wa Malindi akaona huyu mgeni mwenye mizinga anaweza kuwa rafiki wa kufaa. Akampa rubani mwezi wa nne, kusi ilikuwa inaanza kuvuma, jamaa akafika Calicut chini ya mwezi mmoja. Kurudi sasa ndio balaa, waliondoka India kabla upepo haujageuka, wakahangaika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wakafa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na walipofika Malindi Januari 1499 kitu wagonjwa walichokuwa wanakililia ni machungwa. Machungwa ya Malindi! Alafu angalia malipo ya wema huo, mwaka wa 1593 Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus walihamisha makao yao Mombasa, sultani wa Malindi naye akahamia huko huko kwa mahasimu wake, mji ukabaki unafifia mpaka mmisionari Mjerumani Krapf alipopita 1845 akakuta magofu tu. Uliinuka tena baadaye wakati wa masultani wa Zanzibar, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, na mwongozaji hakuiruka hiyo sehemu, alisimama akaieleza taratibu. Nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Ile nguzo ya Vasco da Gama yenyewe iko kwenye rasi, ni nyeupe, fupi kuliko unavyodhani ukiiona kwa picha. Msalaba wa juu ni jiwe lililoletwa kutoka Lisbon, nguzo inayoubeba ni matumbawe ya hapa hapa. Nenda jioni jua likipoa. Kanisa dogo la Wareno linapitwa na watu wengi bila kuingia, na ni kosa, mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alishuka Malindi 1542 akielekea Goa, India. Na pale msikiti wa Juma kuna makaburi ya nguzo ya zamani kuliko Mreno yeyote, ukifika hapo vaa kwa heshima.

Gedi ongeza siku nyingine, usiibane na mambo mengine. Ni kama kilomita 16 kusini, matatu ya kwenda Mombasa inakushusha njia panda. Mji mzima wa mawe ndani ya msitu: kasri, msikiti mkubwa, visima virefu, vyoo, na nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake, kuna nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya pesa za Kichina. James Kirkman ndiye alianza kuchimba hapo 1948. Kuna kaburi lina tarehe ya hijria 802, yaani 1399, unasimama mbele yake unafikiria kwamba Vasco da Gama alikuwa hajazaliwa bado. UNESCO wameiingiza kwenye urithi wa dunia 2024, wamechelewa sana kwa maoni yangu.

Sasa boti. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, ni kati ya za kwanza Afrika, na matumbawe yake bado yanapendeza maji yakiwa safi. Lakini mwenye boti tuliyempata alikuwa anatupa mkate majini ili samaki waje karibu na wageni wakasimama juu ya matumbawe kupiga picha yeye ananyamaza tu. Hii inaniuma. Matumbawe yakivunjika hayaoti kwa mwaka mmoja ama miwili, na hiyo ndiyo kazi yake ya kesho anaiharibu. Mwambieni kabla hamjang'oa nanga kwamba hamtaki mkate, wengine wanasikia.

Waitaliano wako kila mahali, kahawa nzuri, pizza nzuri, bei ya juu. Wengi hawajui kwamba habari yao na upande huu si hoteli tu. Kule Ngomeni kaskazini, Luigi Broglio alianzisha kituo cha kurushia setilaiti, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka baharini pale setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, wakaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa Jamhuri Dei, siku Kenya iliyopata uhuru. Kila mtoto wa Kilifi angepaswa kulijua hili.

Nyota 5 kwa mwongozaji, 5 kwa Gedi, boti 2. Patana bei ya mwongozaji kabla ya kuanza kutembea, uliza kitambulisho chake, na ukitaka boti nenda asubuhi maji yakipwa, kati ya Januari na Machi, kusi ikianza bahari inachafuka na utarudi umetapika tu.